Mtihani wa SAT hautaki mtoto mwenye mbio, unataka mtoto anayejua kugawa dakika

Kila ikikaribia miezi ya mtihani wa SAT, mazungumzo ndani ya nyumba zetu hapa Ghuba ni yale yale. Tuisheni ipi nzuri? Kitabu kipi kizuri? Mtoto wa fulani kapata ngapi? Ni nadra kumsikia mzazi anauliza suali ambalo mimi nnaona ndilo la mwanzo: je, mwanangu anajua kuzitumia dakika zake?

Nafundisha hesabu, na wengi katika watoto nnaokaa nao mwisho wa wiki ni wa jamaa zetu: nyumbani Kiswahili, skuli Kiarabu au Kiingereza, na kwa bibi vyote vitatu kwa pamoja. Watoto hawa si wajinga. Ukimpa suali moja moja bila ya saa, atakufanyia manane kwa kumi, na mengine tisa. Mpe masuali hayo hayo kwenye kompyuta, saa inarudi nyuma juu ya kioo, utamuona mwengine. Huyu anakimbia kama anafukuzwa, yule kakwama suali moja dakika nne, na yule wa tatu kamaliza mapema na kukunja mikono kwa furaha, kumbe kakosea masuali mepesi matano.

Rai yangu ni kwamba familia zetu zinatoa pesa nyingi kuwasomesha watoto yaliyomo ndani ya mtihani, lakini haziwasomeshi wakati. Na mtihani huu, tangu uhamie kwenye kompyuta, umekuwa ni mtihani wa kugawa wakati kuliko ulivyokuwa kabla.

Nianze na maneno nnayoyasikia sana: "Mtihani huu mpya hauna muda, watoto wanaonewa." Hebu tupige hesabu. Mtihani wa zamani, ule wa karatasi, ulikuwa na masuali 154 ndani ya saa 3. Ukigawa unapata kama sekunde 70 kwa suali. Mtihani wa sasa, ulioanza kwa nchi za nje ya Marekani Machi 2023 na kwa Marekani yenyewe Machi 2024, una masuali 98 ndani ya dakika 134, yaani saa 2 na dakika 14. Hizo ni kama sekunde 82 kwa suali. Kwa hivyo muda wa kila suali umezidi, haukupungua. Tena vile vifungu virefu vya kusoma vimeondoka. Sasa kila kifungu ni kifupi, hakizidi maneno 150, na kina suali lake moja tu.

Basi mbona watoto bado wanalia na saa? Manake mtihani umebadilika tabia.

Una sehemu mbili kubwa, Kusoma na Kuandika kwanza, kisha Hesabu. Kila sehemu imekatwa moduli mbili. Moduli ya Kusoma na Kuandika ni masuali 27 kwa dakika 32. Moduli ya Hesabu ni masuali 22 kwa dakika 35. Baina ya sehemu hizo mbili kuna mapumziko ya dakika 10. Ndani ya moduli mtoto anaweza kwenda mbele na kurudi nyuma anavyotaka, lakini muda wa moduli ukimalizika mlango umefungwa. Sisi watu wa sala tunafahamu maana ya wakati kuingia na kutoka. Sala ikikupita, utailipa. Moduli ikikupita haina kulipa.

Halafu kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalijui: namna mtoto anavyofanya kwenye moduli ya kwanza ndiyo inayoamua atapewa moduli ipi ya pili. Akifanya vizuri, programu inampa ya pili iliyo ngumu zaidi. Akifanya vibaya, anapewa iliyo nyepesi, na huko hata akipatia kila kitu, dari ya alama zake iko chini. Kwa hivyo suali jepesi ulilolikosa kwa haraka ndani ya moduli ya kwanza linaweza kukufungia njia ya alama za juu kabla hujafika nusu ya safari.

Ndiyo maana haraka haifai hapa. Na haraka yenyewe haina faida, kwa sababu mtoto akimaliza moduli ya dakika 32 kwa dakika 20, haendi popote. Anakaa pale anaitazama saa mpaka dakika zake zishe, ndipo moduli nyengine ifunguke. Hakuna alama ya kumaliza mwanzo wala anayempigia makofi. Dakika 12 zile zilikuwa mali yake, kazitupa mwenyewe.

Wazee wetu wametuachia "haraka haraka haina baraka", lakini wametuachia pia "ngoja ngoja huumiza matumbo". Tunapenda kuitaja moja na kuisahau ya pili, kwa vile inavyotufaa. SAT inazitaka zote mbili kwa pamoja. Mtoto aende pole pale pa kwenda pole, na aondoke haraka pale ambapo kukaa ni hasara. Hilo ni jambo la kufundishwa na kuzoezwa, halikai kwenye damu.

Sasa niingie ndani kidogo, kwa sababu maneno ya jumla hayamsaidii mzazi.

Kwenye Kusoma na Kuandika, dakika 32 kwa masuali 27 ni kama sekunde 71 kwa suali. Lakini kosa kubwa ni kuzigawa sekunde sawasawa. Masuali yanakuja kwa mpangilio unaojulikana. Mwanzo ni maana ya neno ndani ya sentensi na namna kifungu kilivyojengwa. Kisha yanakuja ya kufahamu habari, ushahidi, majaduweli na kukisia kilichobaki. Baada ya hapo ndipo inapokuja sarufi na alama za uandishi, na mwisho ni maneno ya kuunganisha sentensi na kuchagua maelezo yanayofaa kwa lengo fulani. Yale ya katikati ndiyo yanayokula muda. Yale ya sarufi, kwa mtoto aliyejifunza kanuni zake, yanamalizika kwa nusu dakika hivi.

Watoto wetu wanaumia hapa hapa. Mtoto wa lugha tatu aghalabu husoma Kiingereza kizito taratibu kidogo kuliko yule aliyezaliwa Chicago, na hilo si aibu. Anafika masuali ya katikati, kifungu kinazungumzia utafiti wa kisayansi au habari za mwandishi wa zamani wa Kimarekani, anasoma mara tatu, dakika zinakwenda. Akija kushtuka, zimebaki dakika nne na masuali tisa. Na hayo tisa ni yapi? Ni ya sarufi na ya kuunganisha sentensi, masuali ambayo angeyapata! Kanuni za sarufi ya Kiingereza mtoto wa skuli zetu anazijua, pengine kuliko hata mwenye lugha yake, kwa sababu yeye kasomeshwa kwa kanuni. Kwa hivyo kaziacha alama zake halali mlangoni, kaenda kupigania alama za shaka.

Kwa mtoto wa namna hii mimi nnashauri moja katika mawili. Ama aanze kwa kuruka mpaka masuali ya sarufi, ayamalize, kisha arudi nyuma kwenye kusoma. Ama aende kwa mpangilio lakini awe na vituo vya kujikagua. Saa ya Bluebook, ile programu ya mtihani, inarudi nyuma, kwa hivyo mtoto asikariri dakika alizotumia, akariri zilizobaki. Mpango nnaowapa mimi ni huu: ukimaliza suali la 9, saa ikuoneshe bado 22. Ukimaliza la 18, bado 11. Ukimaliza la 27, bado 3. Hizo 3 za mwisho ni za kuyarudia yale uliyoyawekea alama. Namba tatu tu, 22, 11, 3. Mtoto anaweza kuziandika kwenye karatasi ya kufanyia hesabu anayopewa pale pale chumbani.

Asiitazame saa baada ya kila suali, atachanganyikiwa. Programu inaruhusu hata kuificha saa, na dakika tano za mwisho inajitokeza wenyewe kumuonya. Kuna watoto inawafaa kuificha na kuifungua kwenye vituo vile tu. Kuna wengine wakiificha wanazidi kuhangaika. Hili haliamuliwi siku ya mtihani, linaamuliwa nyumbani, wiki nyingi kabla.

Hesabu ina tabia nyengine. Masuali 22 kwa dakika 35 ni kama sekunde 95 kwa moja, na yamepangwa kutoka jepesi kwenda gumu. Hapa mpango wangu ni namba mbili tu. Masuali 10 ya mwanzo yachukue kama dakika 12, kwa hivyo ukimaliza la 10 saa ioneshe bado 23. Masuali 12 yaliyobaki yapewe dakika 20, na ukifika la 22 uwe na 3 za kurejea. Lakini hizo dakika 12 za mwanzo si za mbio. Ni za kusoma suali mpaka neno la mwisho. Suali linataka thamani ya x, au linataka thamani ya x na 5 juu yake? Mtoto anapata x, anaiona kwenye majibu, anaibonya na kwenda zake. Mtunga mtihani aliiweka pale makusudi.

Tena kuna ile kalkuleta ya Desmos iliyomo ndani ya programu yenyewe, inayoruhusiwa Hesabu yote mwanzo hadi mwisho. Ni neema, na ni mtego vile vile. Nnawaona watoto wanaiandikia kalkuleta mlinganyo kama 3x + 6 = 21. Ya Rabi! Toa 6, gawa kwa 3, jibu ni 5, hiyo ni sekunde tano kwa kichwa. Lakini suali la mistari miwili inakutana wapi, au mchoro unakata mhimili mara ngapi, hapo Desmos inakuokolea dakika nzima. Anayejua lini aifungue na lini aiache, huyo ndiye aliyejua wakati.

Kila moduli ina masuali mawili ya majaribio ambayo hayahesabiwi kwenye alama, na mtoto hawezi kuyajua ni yapi. Basi suali geni lililokukamata dakika nne, kumbe huenda wala halina alama! Na kwenye Kusoma na Kuandika dakika nne ni muda wa masuali zaidi ya matatu. Liwekee alama, chagua jibu lolote, songa mbele, urudi ukipata nafasi.

Nimesema "chagua jibu lolote" na nnakusudia hivyo hivyo. Mtihani huu haumkati mtu alama kwa jibu la makosa. Suali lililoachwa tupu ni sifuri ya yakini. Suali lililobahatishwa, kwenye yale ya kuchagua, lina bahati moja katika nne. Wako watoto wetu waliolelewa kwamba kubahatisha ni kama udanganyifu. Waambieni si udanganyifu, ni kanuni za mtihani wenyewe. Ikibaki dakika moja, asiwepo mtoto anayepigana na suali moja na hali matano yako tupu.

Na moduli ya pili ikija ngumu, mtoto asivunjike moyo. Aghalabu hiyo ni bishara njema, kwamba ya kwanza kaifanya vizuri. Aliyeambiwa hivi mapema anatulia. Asiyeambiwa anaona masuali mazito, moyo unaenda mbio, na mkono nao unakwenda mbio.

Haya yote hayafai kitu bila ya mazoezi ya saa, na mazoezi ya saa hayapatikani bila ya nyumba kushiriki. Na hapa ndipo nnapotaka kusema na wazee wenzangu kwa uwazi.

Mtihani mzima na mapumziko yake ni dakika 144, kiasi cha saa 2 na nusu. Niambie, katika nyumba yako, ni lini mtoto anapata saa 2 na nusu bila ya kuitwa? Njoo uwapokee wageni. Mpeleke bibi yako dukani. Mshike mdogo wako. Amu yako anapiga simu kutoka Unguja, njoo umsalimie. Ijumaa kuna harusi, Jumamosi kuna mwaliko wa mchana. Nyumba zetu zina watu na zina rehema, na mimi siwezi kuishi kwenye nyumba isiyokuwa hivyo. Lakini mtoto anayefanya mazoezi kwa vipande, dakika 15 baada ya Isha na dakika 20 kwenye gari, hajafanya mazoezi ya mtihani huu. Kafanya masuali tu. Akili yake haijawahi kufika dakika ya 100 ikiwa bado inafanya kazi, na dakika ya 100 ni katikati ya Hesabu.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo. Mara moja kila baada ya wiki mbili, Jumamosi asubuhi, kwa miezi miwili au mitatu. Mlango ufungwe, simu ya mtoto ikae kwa mama, wageni waambiwe waje mchana. Bluebook inampa mtoto mitihani kamili ya mazoezi bila ya malipo, kwa saa ile ile na kwa kompyuta ile ile atakayoitumia. Asifanye kwa simu, kwa sababu mtihani wenyewe haufanywi kwa simu. Nimesema asubuhi kwa sababu mtihani unafanywa asubuhi. Mtoto aliyezoea kusoma saa 6 za usiku hadi saa 8, ukimuweka mbele ya mtihani asubuhi, bado amelala huku macho yapo wazi.

Wanaotegemea tuisheni nao nawaomba wamuulize mwalimu suali moja: mwanangu kafanya mitihani kamili mingapi kwa saa, na kila mmoja alikosea wapi, kwa kutojua au kwa muda? Mwalimu anayekujibu kwa "anaendelea vizuri" hajakujibu. Suali alilolikosa kwa kutojua dawa yake ni somo. Alilolikosa kwa muda dawa yake ni zoezi jengine kabisa. Ukizichanganya, utalipa rial kwa rial na mtoto atabaki pale pale.

Kuna na wakati mwengine ambao sisi Waislamu wa Ghuba tuutazame kwa makini zaidi kuliko wengine: mwezi wa kufanya mtihani. Mwaka 2025 mtihani wa Machi ulikuwa tarehe 8, tumo ndani ya Ramadhani. Wa Juni ulikuwa tarehe 7, na sisi hapa Idi Kubwa imeingia tarehe 6. Yaani mosi ya Idi leo, mtihani kesho! Waliotunga kalenda ile hawakutufikiria sisi, na hatuwezi kuwalaumu kwa hilo. Lakini kalenda inatoka mapema, na Ramadhani tunajua inasogea nyuma kama siku 11 kila mwaka. Mzazi aziweke kalenda mbili ubavuni. Ikiwa mtoto atafanya mtihani amefunga, inawezekana kabisa, mradi afanye na zoezi moja kamili amefunga, ajue kichwa chake kinakuwaje. Ikiwa anaona Mei inamfaa zaidi, ajiandikishe Mei mapema, kwa sababu vituo kwenye nchi zetu si vingi. Na asiachie jaribio lake la mwanzo mpaka Disemba ya mwaka wa mwisho, maana vyuo vingi vinafunga maombi ya mapema Novemba mosi na ya kawaida mwanzoni mwa Januari. Anayejaribu mwisho wa darasa la 11 ana nafasi ya kurudia Agosti au Oktoba, na vyuo vingi huchukua alama bora ya kila sehemu kutoka mitihani tafauti.

Najua nitajibiwa. Mmoja atasema mtihani huu unaondoka, vyuo havitaki tena. Si kweli kwa jumla. Vyuo vya umma vya California vinavyojulikana kwa jina la University of California havitazami alama za SAT kabisa, na viko vingi vinavyomuachia mtoto hiari. Lakini MIT imerudisha sharti la mtihani mwaka 2022, na mwaka 2024 Dartmouth, Yale, Brown na Harvard nazo zikatangaza kurudisha sharti la alama za mtihani, kila moja kwa kanuni zake. Mzazi atazame chuo anachokitaka mtoto wake, asifuate maneno ya barazani.

Mwengine atasema mtoto wake anakwenda Uingereza, haimhusu. Huenda. Lakini wanaotaka udaktari kule wanakutana na UCAT, nao uko kwenye kompyuta, na sehemu yake ya kusoma ni kama nusu dakika kwa suali. Ukilinganisha, SAT ni baba mpole. Ilimu ya kugawa dakika haipotei, iwe mtihani huu au ule.

Wa tatu, na huyu ndiye nnayemheshimu zaidi, atasema: tunawageuza watoto kuwa mashine za saa, iko wapi ilimu? Nnakubaliana naye kwamba SAT si kipimo cha akili wala cha utu. Lakini mtoto anayejua somo kisha akapoteza nafasi ya chuo au ya msaada wa masomo kwa sababu masuali yake ya mwisho yalibaki tupu, huyo hatukumlinda kwa kutomfundisha saa. Watoto wa wengine wanafundishwa. Wetu wanaambiwa "soma kwa bidii" na kuombewa dua. Dua tuziendeleze, na ngamia wetu tumfunge.

Nina neno moja la mwisho kwa wazazi, na si jepesi kulisema. Wapo katika watoto wetu wenye tatizo la kusoma, la macho, au la kutulia, lililothibitishwa na daktari, na wazazi wanalificha ili watu wasiseme. College Board inatoa muda wa ziada kwa watoto wa namna hiyo, lakini lazima uombwe na ukubaliwe kabla ya siku ya mtihani, kwa kawaida kupitia skuli, na majibu huchukua wiki kadhaa. Hiyo ni haki ya mtoto, si sadaka wala aibu. Ukiificha karatasi ya daktari ndani ya kabati, umemnyima mwanao dakika alizokuwa anazistahiki.

Kwa hivyo kabla hujalipa tuisheni nyengine, fanya jambo moja wiki hii ambalo halina gharama. Mwekee mtoto Bluebook kwenye kompyuta, achague mtihani mmoja wa mazoezi, na Jumamosi asubuhi mpe nyumba iliyonyamaza kwa saa 2 na nusu. Akimaliza, usimuulize kapata ngapi. Muulize mangapi hakuyafikia, na mangapi aliyakosea na hali alikuwa na muda. Majibu ya masuali hayo mawili yatakwambia pesa yako iende wapi, na pengine utagundua kwamba hapakuhitajika pesa yoyote.